Uzi: Jinsi ya kumwelewesha mtu kelele zinavyomtesa mwenye usonji

Fundi Miksa (mtoa mada)

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi mitambo. Harusi, sendofu, mahafali, mikutano ya injili, ukiniita nakuja na spika zangu. Nyumbani nina mdogo wangu wa kiume mwenye usonji (autism). Sasa ni kijana mkubwa, anasaidia dukani kwa mama, anaongea vizuri, chenji hakosei. Kinachomvuruga ni kelele. Ndiyo, najua, kaka mtu ndiye muuza kelele. Watani wangu walishamaliza utani wote kuhusu hilo, msijisumbue.

Ndugu, majirani na walimu huniuliza maswali yaleyale. Mbona alipimwa masikio yakaonekana mazima? Mbona yeye mwenyewe akiwasha redio anapandisha sauti mpaka mwisho? Mbona jana alikaa sokoni vizuri tu, leo kijiko kikianguka anaziba masikio na kulia? Ni maswali ya haki. Ukijibu kwamba "kelele zinamsumbua" hujasema kitu, maana Dar nzima inasumbuliwa na kelele. Mtu anakuambia "hata mimi zinanisumbua", kisha anaondoka akiamini kijana anadeka.

Siku hizi sijibu kwa maneno. Nampa mtu kazi ya kufanya, nanyi mnaweza kuifanya leo jioni.

Nenda na rafiki yako kwenye mgahawa wa pembeni mwa kituo cha daladala, Mwenge, Buguruni, popote penye pilikapilika. Weka simu mezani, washa kinasa sauti, pigeni stori dakika mbili tatu kama kawaida. Ukifika nyumbani vaa spika za masikioni usikilize. Utakuta konda anapiga bati la gari, feni ya mgahawa ina msumari uliolegea, kuna mtu anakoroga chai, bodaboda mbili zinapishana, kuna spika ya tangazo la dawa ya kunguni na panya inajirudia, kiti kinaburuzwa kwenye sakafu. Rafiki yako yuko chini ya vyote hivyo na baadhi ya maneno yake huyapati kabisa. Lakini ulipokuwa pale ulimsikia kila neno, mkacheka.

Simu haikuongeza kitu. Ilinasa kilichokuwepo. Aliyeondoa zile sauti nyingine ni ubongo wako, na aliziondoa bila kukuuliza.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1953 mtafiti wa Uingereza aitwaye Colin Cherry aliwawekea watu maneno tofauti kwenye kila sikio na kuwaambia wafuate sikio moja tu. Walifuata vizuri. Alipowauliza lile sikio jingine lilikuwa linasema nini, hawakuwa na la kusema. Hata pale maneno yalipogeuka kutoka Kiingereza kuwa Kijerumani, hawakugundua.

Sasa nielezee kwa lugha ya kazini kwangu. Mbele yangu kuna miksa, kila chombo kina kitufe chake cha kupanda na kushuka: MC, mwimbaji, kinanda, ngoma, besi. MC akishika maiki nashusha kinanda. Mwimbaji akianza nainua sauti yake na kubana ngoma. Usiku mzima vidole havitulii. Wengi wetu tuna fundi wa namna hiyo kichwani, hachoki wala halali. Kwa mdogo wangu vitufe vyote vimepanda juu sawasawa na fundi hayupo. Mama anayemwita "njoo ule" ana uzito uleule wa friji inayonguruma na kuku anayeparua bati. Inabidi achague kwa nguvu, kwa makusudi, sauti moja baada ya nyingine, kutwa nzima. Ndiyo maana anachoka kabla hata ya kufanya kazi.

Hiyo ni sehemu ya kwanza tu. Ya pili ni kuzoea. Ukiingia ofisini kwenye kiyoyozi unakisikia, baada ya muda mfupi umeshakisahau. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha kazi mwaka 2015 ambapo waliwaingiza vijana kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha za ubongo, wakawasikilizisha kelele za magari na kuwagusisha kitambaa cha sufu kinachowasha. Kwa wenye usonji ambao wana tatizo hili kwa ukali, sehemu za ubongo zinazopokea sauti pamoja na amigdala, ile inayotoa tahadhari ya hatari, ziliitikia kwa nguvu zaidi, na hazikupoa haraka sauti ilipoendelea kurudiwa. Kwa hiyo ukimwambia "utazoea", unamwambia afanye kitu ambacho ubongo wake haukifanyi kwa urahisi.

Ya tatu inajibu swali la redio. Redio anaiwasha yeye. Anajua itaanza lini, ataizima lini, na kinachofuata ni nini. Tena redio ikiwa juu inafunika zile sauti nyingine ndogondogo ambazo hana mamlaka nazo. Kinachomuumiza zaidi ni kile kinachokuja bila taarifa: prashakuka inayopiga filimbi, honi, puto, grenda ya fundi wa mageti.

Nasema "kuumiza" kwa maana halisi. Temple Grandin, profesa wa sayansi ya mifugo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, Marekani, mwenyewe ana usonji. Alieleza kwamba kengele ya shule alipokuwa mtoto ilimpata kama mashine ya daktari wa meno inapogusa mshipa. Mdogo wangu akielezea huonyesha na mahali: nyuma ya taya, halafu shingoni, halafu tumboni. Moyo unaenda mbio, mikono inatoa jasho. Ukimwambia "si kitu, ni blenda tu", kichwani anajua ni blenda tu. Mwili wake ulishapiga king'ora.

Halafu kuna kujaa, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Sauti hazimpigi moja moja zikaisha. Zinajumlishwa.

Niwape mfano. Sendofu ya binamu yetu, ukumbi wa kuta za vigae na dari ya jipsamu, yaani ukumbi unaorudisha kila sauti mara mbili. Mimi niko kwenye mitambo, yeye meza ya familia. Mwanzoni yuko sawa, anakula. Baadaye namwona anabonyeza kile kinyama cha mbele ya tundu la sikio kwa kidole gumba, anaachia, anabonyeza. Kisha anamuuliza mama tunaondoka saa ngapi, anajibiwa, anauliza tena vilevile. Shangazi anamsemesha, anachelewa kujibu. Anamsemesha tena, hajibu kabisa, anaangalia kitambaa cha meza. Kwa wageni wote pale huyo ni kijana aliyetulia kuliko wote. Mimi nilishaanza kutafuta mtu wa kushika miksa.

Sijafika, MC kasogea na maiki mbele ya spika na ule mluzi mnaoujua ukatoka. Mluzi ule mara nyingi huangukia kwenye masafa ya herzi 2,000 hadi 5,000 hivi, ambapo sikio la binadamu yeyote ni jepesi zaidi. Ukumbi mzima ulikunja uso, ukacheka, ukasahau. Mdogo wangu alishuka chini ya meza, mikono masikioni, akawa anatoa mvumo mmoja mrefu, mmmmm, bila kuacha. Mvumo ule watu wanauogopa, wengine wanasema kapandisha. Anautengeneza yeye ili ufunike vingine, ni ujanja uleule wa redio.

Halafu angalia wasamaria wema. Mmoja: "Baba, nini?" Mwingine: "Mpeni maji!" Wa tatu anaanza kumwombea kwa sauti. Wa nne anamshika bega ghafla. Kila mmoja ana nia njema na kila mmoja kaongeza sauti moja. Nilichofanya ni kuwaomba wanyamaze, nikakaa chini karibu naye bila kumgusa wala kumsemesha, nikamwonyesha mlango kwa kidole. Tulitoka kwa magoti. Nje alikaa kwenye gari la vyombo vioo vimefungwa mpaka akawa na uwezo wa kusema. Maneno hurudi mwisho, hilo lizingatieni. Ukimuuliza maswali kabla hayajarudi unamrudisha nyuma.

Si wote wenye usonji wako hivi. Wapo wanaotafuta sauti kubwa, wapo ambao sauti haiwapi shida, shida yao ni mwanga au nguo. Ila mkiwa na shughuli na mnajua kuna mgeni wa namna hii, sisi mafundi tuambieni mapema. Mkalisheni mbali: mahali pa wazi, ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye spika unapunguza kama desibeli 6 (desibeli ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti). Ukumbini hupati zote kwa sababu ya kuta, lakini unapata kitu. Na msimweke katikati ya spika mbili kwa heshima ya "meza kuu".

Nakaribisha michango. Wenye usonji wenyewe mliomo humu, nyinyi ndio wenye mada.

Jembe la Kale

Mkuu umeandika vizuri ila tuseme ukweli, zamani haya hayakuwepo. Sisi tulipiga kelele za kuziba masikio tukala fimbo, tukatulia. Malezi ya siku hizi.

Fundi Miksa

Mzee wangu, shikamoo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika juu ya watoto 11, ndiyo maandishi yaliyoutambulisha usonji kwa madaktari. Humo humo alitaja watoto kuingiwa na hofu kuu kwa sababu ya lifti, mashine ya kufagilia, maji yanayotiririka, hata upepo. Kwa hiyo tatizo hili la kelele lilikuwepo, tena liliandikwa. Kilichochelewa ni kulihesabu rasmi: mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliliweka kwenye vigezo vya usonji mwaka 2013. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Darasani kwenu mlikuwa wangapi, na shule nzima? Yule "bubu mkorofi" aliyeacha shule darasa la pili mnamkumbuka?

Na kuhusu kutulia baada ya fimbo, soma tena habari ya kitambaa cha meza.

Binti wa Pwani

Nimegundulika nikiwa mtu mzima, nina kazi ya ofisini. Jaribio lako la simu nimelipenda, nitawatumia wenzangu. Lakini lina kasoro moja kubwa: lina kitufe cha kusimamisha. Mtu atasikiliza dakika tatu, atasema "duh, poleni", atavua spika, atakwenda kula. Mimi sina cha kuvua. Ukitaka awe karibu kidogo na ukweli, mwambie avae hivyo huku akijaza fomu ya mkopo, halafu bosi aje amuulize kwa nini hatabasamu.

La pili, mmezungumza sana ukubwa wa sauti. Kinachonimaliza mimi si spika. Ni taa ya tyubu inayoimba juu ya kichwa changu, jirani anayebofya kalamu, na mtu anayetafuna barafu. Desibeli ngapi hizo? Wakati huohuo singeli kwenye hedifoni nasikiliza kwa raha zangu. Kwa hiyo mtu akikuona unacheza muziki asihitimishe kwamba wewe ni mzima wa kila kitu.

La tatu ni la maneno. Nikijaa, nasikia mtu anasema, najua ni Kiswahili, lakini hayageuki kuwa maana. Nikimjibu "eeh", nimebahatisha. Nimewahi kukubali vikao ambavyo sikujua ni vya nini.

Na mwisho, wengi wetu hatuingii chini ya meza. Tunatabasamu mpaka saa kumi na moja, tunapanda daladala, tunafika nyumbani tunalala na viatu. Huko ndiko kulipuka kwetu, hakuna anayekuona, na ukisema hawakuamini.

Fundi Miksa

Dada, la fomu ya mkopo naliiba.

Pima Sikio

Nafanya kazi ya kupima usikivu. Niongezee kwenye lile swali la kwanza. Kipimo cha kawaida kinatafuta sauti *ndogo* kabisa unayoweza kuisikia. Hakituambii sauti *kubwa* kiasi gani unaweza kuivumilia, wala ubongo unafanya nini na sauti nne kwa pamoja. Kwa hiyo "masikio mazima" ni jibu la swali jingine. Hata hivyo msiruke kipimo: kuna watoto wanaoshika masikio kwa sababu wana usaha ndani, na asiyeongea hawezi kuwaambia linauma.

Kuhusu vikinga masikio, vinasaidia sana sokoni, harusini, safarini. Ila mtoto asivivae kutwa nzima hata sehemu tulivu. Sikio likikaa kwenye ukimya muda mrefu linaweza kuzidi kuwa jepesi, na sauti za kawaida zikaanza kuonekana kubwa.

Kigoma Mjini

Kwa hiyo mnataka adhana na mikesha izimwe?

Fundi Miksa

Hakuna aliyesema hivyo mkuu. Adhana mdogo wangu hana shida nayo, saa anazijua, kabla haijaanza yeye ndiye anatuambia inakaribia. Spika za usiku kucha ni habari nyingine, na hiyo haihitaji usonji: kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu 2015, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ndio wanaozisimamia, na zinamlinda hata wewe mwenye zamu ya alfajiri.

Mwalimu wa Zamu

Shule yetu kengele ni rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mwembe, inapigwa kwa nondo. Kuna mwanafunzi wetu alikuwa anakimbia darasani kila siku kabla ya mapumziko, tukamwandikia utoro. Mama yake ndiye aliyetueleza. Tulichofanya hakikugharimu shilingi: dawati lake tulilihamishia upande wa mbali, na mpiga kengele anapita kwanza dirishani kumpungia mkono ndipo aende kwenye mwembe. Kengele ikilia yeye kashaziba masikio anasubiri. Hakimbii tena. Darasa la wanafunzi wengi namna ile siwezi kulinyamazisha, lakini kumpa taarifa naweza.

Mama Wawili

Nimesoma huku natetemeka. Wangu ana miaka sita, haongei. Mvua ikipiga bati anajipiga kichwa. Blenda nimeshaigawa. Mvua nitaigawia nani?

Binti wa Pwani

Pole mama. Mimi mvua ya bati naijua. Wingu likitanda tu mwonyeshe, kila mara kwa ishara ileile, picha au mkono, asije kushtukizwa. Mtafutie kona ya chumba iliyo chini zaidi na mbali na ukingo wa bati, weka godoro limeegemea ukuta na blanketi zito. Kama mna uwezo wa kupiga dari hata chumba kimoja, anzeni na chake. Na akijipiga, weka mto kati ya kichwa na ukuta, usimbane mikono.

Pima Sikio

Naunga mkono. Ukipata mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapist) hospitali ya mkoa, mpeleke. Kujipiga kusichukuliwe kuwa ni mvua tu, aangaliwe na masikio na meno.

Kigoma Mjini

Nimerudi. Nimefanya lile jaribio hapa stendi. Kuna mtoto analia mwanzo mpaka mwisho wa rekodi, sijui hata alikuwa upande gani. Jamaa yangu anabisha, anasema hapakuwa na mtoto.

Mama Wawili

Asanteni sana wote. Hivyo vikinga vinauzwa wapi na nitajuaje kizuri?

Fundi Miksa

Maduka ya vifaa vya usalama kazini, pale wanapouza kofia ngumu na gambuti. Kariakoo yapo. Tafuta vile vya kufunika sikio lote, siyo vya kuchomeka, na uombe saizi ya mtoto, vya wakubwa vitamwachia upenyo. Kwenye boksi kuna namba imeandikwa SNR, ndiyo desibeli vinazopunguza kwa makadirio ya maabara. Vingi viko kati ya 20 na 35. Kabla ya kulipa mwache avishike, avivue, avivae mwenyewe. Akikataa siku hiyo usimlazimishe, viache mahali anapoviona. Ukikwama nitumie ujumbe, nikienda mjini nitakuulizia bei.